Dondoo muhimu: Gari likichemsha, tairi likichoka

Msimu wa pamba ukifika, kabla hujapakia Nassa kwenda Bariadi au Mwanza, zingatia haya.

1. Mshale wa joto ukipanda, zima kiyoyozi, egesha pembeni, zima injini. Usijikongoje eti ufike Lamadi.

2. Kamwe usifungue mfuniko wa rejeta ya moto. Hili ndilo kosa baya kuliko yote: maji yaliyobanwa humo hupita nyuzi 100 na hukurukia usoni. Subiri angalau nusu saa, weka kitambaa kizito, legeza kidogo, mvuke utoke kwanza.

3. Usimwagie injini maji baridi. Silinda hedi inaweza kupasuka.

4. Maji ya ziwa au lambo ni ya dharura tu, tope lake huziba rejeta.

5. Kagua mkanda wa feni na mipira ya maji. Ondoa nyuzi za pamba na nyasi zilizonasa mbele ya rejeta.

6. Pima upepo asubuhi, tairi likiwa baridi. Kupunguza upepo mchana kwa kuwa "limejaa" ni kosa.

7. Ukinunua tairi la mtumba usidanganywe na kashata (meno yake). Soma tarakimu nne ubavuni: 2319 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23, mwaka 2019. Ubavu uliovimba, liache.

8. Tairi likipasuka, shika usukani kwa nguvu, ondoa mguu kwenye mafuta, usikanyage breki ghafla.

9. Spea nayo ijazwe upepo.

Dereva mwenzangu, ukiona mzigo umezidi, kataa kuondoka.