SOMO LA WIKI: Bosi na Mfanyakazi Wake, Wapendane?

Masomo: Ruthu 2–4, Mwanzo 39:7–20

Vijana hutuuliza: bosi akimpenda mfanyakazi wake, kuna ubaya? Wengine hujibu haraka, "Si Boazi alimuoa Ruthu?" Ni kweli. Lakini hebu tusome pole pole.

1. Anayelipa mshahara ana nguvu
Msimamizi wa shamba la maua ndiye anaamua ni kibarua gani atarudi kesho. Akimwambia dada, "Jioni tutoke," yule dada hasikii mwaliko tu. Anasikia kodi ya nyumba na karo ya watoto. "Ndiyo" yake inaweza kuwa ya hofu. Yusufu alimkataa mke wa bosi wake siku baada ya siku, na mwisho akatupwa gerezani. Kukataa kulimgharimu.

2. Boazi alifanyaje?
Kwanza, alimlinda Ruthu: aliwaagiza vijana wake wasimguse (2:9). Alimwachia masuke bila kudai kitu. Pili, Ruthu mwenyewe ndiye aliyeomba ndoa (3:9). Tatu, usiku ule, wakiwa peke yao, Boazi hakumchezea. Alimpa vipimo sita vya shayiri akamrudisha kwa Naomi. Kesho yake alienda langoni, mbele ya wazee 10, akamalizana kwanza na ndugu aliyekuwa na haki kumshinda. Hakuna cha kujificha.

3. Sheria ya nchi
Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 6, inasema mwajiri akiomba ngono kwa ahadi ya upendeleo au kwa vitisho, huo ni unyanyasaji. Mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi lazima awe na sera kuhusu jambo hilo.

4. Sasa tufanye nini?
Bosi uliye na ndoa, hapa hakuna mjadala: tubu, uache. Bosi ambaye hujaoa au hujaolewa, jiulize: akinikataa leo, kesho kazi yake iko salama? Kama haiko, nyamaza. Kama mmependana kweli, kwanza mmoja ahamie chini ya msimamizi mwingine, kisha wazazi na mchungaji wajue.

Wewe unayesumbuliwa, si kosa lako. Andika tarehe na maneno uliyoambiwa, na umwambie mtu unayemwamini. Na sisi kanisa, tusimuulize alivaa nini. Hata kama bosi huyo ni mzee wa kanisa na ndiye alitununulia vyombo vya muziki, tumsikilize dada.

Maswali ya kujadili
- Ninaowasimamia wanaweza kuniambia "hapana" bila kuogopa?
- Mapenzi yangu yanaweza kusimama langoni, mbele ya wazee?

Ombi: Bwana, tufundishe kutumia mamlaka kama Boazi. Mpe nguvu anayelia kazini kimya kimya. Amina.