MWANASESERE WA NYANYA

Nyanya yangu hapa Kibokoni ana mwanasesere wa kitambaa. Alipewa na mtoto wa Kizungu aliyekuwa akimlea zamani. Uso mweusi ti, macho ya duara, midomo mikubwa myekundu. Jina lake Golliwog.

Alianzia kitabuni. Mwaka 1895, Florence Kate Upton alimchora kutokana na mwanasesere wa utotoni mwake Marekani, mwenye sura ya waigizaji Wazungu waliojipaka weusi ili kuwacheka watu Weusi.

Nilipomweleza nyanya, alinyamaza. Kisha akasema, "Mjukuu wangu, mimi nampenda yule mtoto aliyenipa."

Basi hatukumtupa. Yumo sandukuni, ila wadogo zangu hawapewi kuchezea. Funzo: kumbukumbu tuitunze, dharau tusiirithishe.