Kito, Mana na Tabernakulo



Dungeons & Dragons ni mchezo wa kubuni uliotoka Marekani mwaka 1974. Ndani yake kuna uchawi wa ngazi ya 9 uitwao Imprisonment, yaani kifungo. Kwa namna yake mojawapo, mtu anapunguzwa hadi kimo cha inchi 1 na kufungiwa ndani ya kito. Humo hali, hanywi, havuti pumzi, wala hazeeki. Mwanga unapita, kwa hiyo yeye anatuona nasi tunamwona. Kingine hakipiti. (Uchawi wa kweli Katekisimu inaukataa, namba 2117. Hapa naongelea mchezo, msinirushie mawe.)

Kinachonivuta ni kwamba waliotunga mchezo wameuita kifungo, wakati mwenye mama mgonjwa nyumbani angeweza kuuomba kwa machozi. Asizeeke, asiondoke, abaki hapo nimwone! Ombi hilo silicheki hata kidogo. Ila Aristotle angeuliza: huyo wa ndani ya kito anaishi? Kwake, kuishi ni kujilisha, kukua, hata kuchakaa. Kisichopokea kitu kimehifadhiwa tu.

Sasa fungua Kutoka 16. Waisraeli waliobakiza mana hadi asubuhi waliikuta ina mabuu, inanuka. Lakini sura hiyohiyo, Musa anaagiza pishi moja ya mana iwekwe kwa ajili ya vizazi vijavyo. Kumbe Mungu hakatai kutunza! Wale wa kwanza walificha kwa kuogopa kesho. Ile pishi iliwekwa ili wajukuu wajue babu zao walilishwa na nani.

Ndiyo maana nikiwa kwenye kuabudu, mbele ya monstransi, huwa nakikumbuka kile kito. Kwa macho vinafanana sana: kioo, mwanga, na aliyemo ndani anatazamwa. Ila Sheria za Kanisa, kanuni ya 939, zinadai Hostia zibadilishwe mara kwa mara na zile za zamani ziliwe. Na sababu ya kwanza kabisa ya kuhifadhi Ekaristi kwenye tabernakulo ni kuwapatia wanaokaribia kufa chakula cha safari. Anatunzwa ili atoke, aende hadi kitandani kwa mtu.

Kwa hiyo wewe mwenye mgonjwa, ongea na padre wako au katekista kabla ya Ijumaa ya kwanza. Andaa meza ndogo, kitambaa cheupe na mshumaa. Na mama mwambie mapema, ajiandae.