JUMATANO: Mavazi ya Vita ya Mtu Mwingine

Soma 1 Samweli 17:26–40. Ni watu gani wawili waliomvunja moyo Daudi kabla hajakutana na Goliathi? Kila mmoja alitumia hoja gani?

Wa kwanza ni Eliabu, kaka yake mkubwa. Aliidharau kazi ya mdogo wake kwa kutaja uchache wa kondoo aliowaacha nyikani, kisha akamshutumu kwa kiburi (fungu la 28). Wa pili ni Mfalme Sauli. Yeye hakumtukana, alimhurumia. Aliutazama ujana wa Daudi na uzoefu wa yule Mfilisti, akahitimisha kwamba haiwezekani (fungu la 33). Vijana wengi huwa na wote wawili nyumbani kwao. Mara nyingi wa pili ndiye anayeumiza zaidi, kwa kuwa anasema kwa upendo.

Daudi hakujibu kwa majigambo. Alieleza kazi aliyokwisha kuifanya: simba alikuja, dubu alikuja, na mwanakondoo akaokolewa.

Mwanasaikolojia Albert Bandura, katika makala aliyoichapisha mwaka 1977, alieleza mahali mtu anapopata imani kwamba anaweza kufanya jambo fulani. Alitaja vyanzo vinne: kufanikiwa katika kazi yenyewe, kumwona mwingine akifanikiwa, kutiwa moyo kwa maneno, na hali ya mwili na hisia wakati wa kazi. Chenye nguvu kuliko vyote ni cha kwanza. Mtoto anayesifiwa kila siku kwamba ana akili, lakini hajawahi kuachiwa kazi aimalize mwenyewe, huyumba vibaya mtihani wa kwanza unapomshinda. Binti anayeandika mauzo ya genge la mama yake na kuyajumlisha kila jioni ana simba wake wa kusimulia. Kijana wa Watafuta Njia aliyewapikia wenzake kambini, wali ukaiva (au ukaungua, akaupika upya), naye ana wake.

Je, kujiamini huku hakupingani na kumtumaini Mungu? Swali hili huulizwa kanisani, na ni la haki; Mithali 3:5 inalileta. Lakini linganisha mafungu ya 36 na 37. Daudi anasema wazi kwamba yeye ndiye aliyemwua simba, na papo hapo anasema kwamba Bwana ndiye aliyemwokoa. Hakuona haja ya kuikana kazi ya mikono yake ili Mungu atukuzwe. Kijana anayefundishwa kusema “mimi siwezi kitu” kana kwamba huo ndio unyenyekevu anafundishwa jambo ambalo Daudi hakulisema.

Soma tena mafungu ya 38 na 39. Kwa nini Daudi aliyavua mavazi ya Sauli?

Mavazi yenyewe hayakuwa mabaya. Yalikuwa ya mfalme, na Sauli aliyatoa kwa moyo mweupe. Lakini Sauli alikuwa mrefu kuliko watu wote (1 Sam. 9:2), na Daudi hakuwa amezoea kutembea na silaha za namna hiyo. Aliyajaribu, akaona hayamfai, akayavua mbele ya mfalme. Sauli naye, kwa sifa yake, hakumlazimisha.

Mavazi hayo yangali yanagawiwa. Nchini Tanzania, mwanafunzi wa kidato cha nne hujaza fomu ya machaguo ya tahasusi na vyuo. Nchini Kenya, anayemaliza Gredi ya 9 huchagua mkondo mmoja kati ya mitatu. Ni watoto wa miaka 15, 16 au 17, na mara nyingi anayeamua ni baba, kwa sababu yeye ndiye anayelipa ada. Udaktari ni kazi njema. Uhandisi ni kazi njema. Lakini anayevalishwa kazi njema isiyomfaa huweza kuibeba miaka arobaini bila furaha, huku familia ikimshukuru Mungu kwa ajili yake.

Mtaalamu wa Marekani, Mark Savickas, hutaja nguvu nne za ndani zinazomwandaa mtu kwa kazi: kuijali kesho yake, kushika hatamu za uamuzi wake, udadisi, na kujiamini. Mwaka 2009 Andreas Hirschi alichapisha utafiti kuhusu wanafunzi 330 wa darasa la 8 nchini Uswisi, ambako vijana wengi huanza kujifunza kazi wakiwa bado wadogo. Waliokua katika uwezo wa kujiandaa kwa kazi walikua pia katika kuridhika na maisha. Miongoni mwa mambo yaliyoambatana na ukuaji huo ni kuwa na lengo lililoamuliwa, kuamini kwamba wanaweza, na kuona kwamba watu wanaowazunguka wanawaunga mkono. Hilo la mwisho halimo mikononi mwa kijana. Limo mikononi mwa akina Eliabu na akina Sauli.

Kwa Mjadala

Katika kanisa lenu, ni kazi gani vijana wameachiwa waifanye mpaka mwisho, bila mzee wa kanisa kuikamilisha kwa niaba yao?

Mzazi atatambuaje kama kijana anayavua mavazi kwa sababu hayamfai, au kwa sababu tu ni mazito?