Kabla ya Kubadili Pikapu za Gitaa Lako

Gitaa la solo likianza kutoa sauti iliyozibwa, wengi hukimbilia dukani kutafuta pikapu mpya. Subiri kwanza. Funga nyuzi mpya, kisha shika bisibisi. Bonyeza uzi kwenye freti ya mwisho, upime nafasi iliyopo kati ya uzi na pikapu: milimita 2 hadi 3 zinatosha kuanzia. Pikapu ikikaa chini mno, sauti hufifia. Ikikaa juu mno, hasa ya koili moja, sumaku huvuta nyuzi nene, noti zikayumba na kukatika mapema. Magitaa mengi hupona hapo hapo, bila gharama.

Lisipopona, amua unataka sauti gani. Pikapu za koili moja, kama zile za Fender Stratocaster iliyotoka mwaka 1954, zina sauti angavu inayopenya katikati ya tarumbeta na ngoma. Kwa mpiga solo wa dansi au rumba, mimi ningeanzia hapo. Tatizo lake ni mvumo: hunasa umeme wa ukumbini, ambao kwetu ni wa hezi 50, na taa za tyubu huzidisha kero. Mvumo huo ndio uliomfanya Seth Lover wa Gibson, katikati ya miaka ya 1950, aunde hambaka. Ina koili mbili, waya na sumaku za moja zikiwa kinyume cha nyingine, hivyo mvumo unajifuta wenyewe na sauti ya nyuzi inabaki, nene na ya mviringo zaidi. Ukitaka uangavu bila mvumo, zipo pikapu zenye umbo la koili moja lakini ndani koili mbili zimepandana.

Muuzaji atakutajia kilo-omu, yaani ukinzani wa waya wa koili. Usizifuate kibubusa. Koili moja ya kawaida huwa na karibu 6, hambaka ya mtindo wa zamani karibu 8, na zile kali hufika 15. Waya ukizungushwa mara nyingi zaidi, nguvu hupanda lakini uangavu hupungua. Mpiga roki atafurahi. Kwenye sebene, noti zinazofuatana upesi zitageuka uji. Tena namba hiyo hubadilika kwa unene wa waya, kwa hiyo haifai kulinganishia pikapu za aina tofauti.

Kabla ya kulipa, pima shimo la gitaa, na upime umbali kati ya uzi wa kwanza na wa sita juu ya pikapu ya darajani. Hambaka huja na nafasi ya milimita 50 hivi au 53. Angalia pia potenshiometa ya volyumu: koili moja huendana na ya kilo-omu 250, hambaka na ya 500. Hambaka ikiwekewa ya 250 hupoteza uangavu, na lawama hubebeshwa pikapu.

Piga picha ya waya zote kabla ya kulehemua. Pikapu mpya na ya zamani zikilia pamoja kwa sauti nyembamba isiyo na besi, hakuna mbovu hapo, zinapingana. Geuza waya mbili za mojawapo, ila kama ina kifuniko cha chuma kilichoungwa kwenye waya wa ardhi, kitenganishe kwanza.