Viota vya Kutengenezwa kwa Ndege Wawindao

Katika toleo hili napenda kuwaelezeni wasomaji wetu jambo ambalo huenda likawashangaza: ya kuwa wako watu katika nchi nyingine wapandao juu ya majengo marefu kuwawekea makao ndege wawindao, jamaa za wale ambao sisi huwatupia mawe. Wanafunzi wa Kidato cha Pili waliniuliza, "Mwalimu, kwa nini mtu amkaribishe ndege wa namna ya mwewe nyumbani, naye ni mwizi wa vifaranga?" Swali hilo ni la haki, nami nitajaribu kulijibu kwa utaratibu.

Kwanza yafaa tumjue ndege mwenyewe. Yuko kozi mmoja ambaye jina lake la kitaalamu ni Falco peregrinus, maana yake kozi msafiri. Huonekana karibu katika mabara yote, hata huku kwetu Afrika ya Mashariki. Wengine ni wenyeji wa majabali yetu, na wengine hutujia kutoka kaskazini wakikimbia baridi. Jike ni mkubwa kuliko dume. Chakula chake hasa ni ndege wengine, kama njiwa, naye huwashukia kutoka juu kwa mwendo uwezao kupita kilomita 300 kwa saa. Hakuna mnyama mwingine ajulikanaye kuwa na kasi kama hiyo.

Kozi huyu hajengi kiota. Haokoti vijiti wala majani. Huchagua mahali palipo tambarare katika jabali refu, akaparuza changarawe kwa miguu na kifua mpaka pakawa na kishimo, na humo hutaga mayai yake, kwa kawaida 3 au 4. Basi fikirini: machoni pa kozi, ghorofa ni nini ila jabali? Ni refu, adui hawalipandi kwa urahisi, na njiwa wa mjini ni tele. Lakini jabali hilo lina kasoro moja. Sakafu yake ni saruji tupu. Yai likiwekwa juu ya saruji hubingirika likavunjika, na likiwekwa katika mfereji wa paa mvua hulilowesha likapoa na kufa.

Hayo yalionekana wazi katika mji wa Montreal, nchini Kanada. Katika miaka ya 1930 kozi walifanya makao katika jengo refu la Sun Life, lakini mayai yao yakaharibika. Mwaka 1940 mpenzi mmoja wa ndege, G. Harper Hall, aliwawekea sanduku lenye changarawe. Tangu hapo mayai yaliweza kuanguliwa, na kufikia mwaka 1952 vifaranga zaidi ya 20 walikuwa wamekuzwa juu ya jengo hilo. Sanduku moja na changarawe kidogo ndizo zilizoleta tofauti hiyo.

Walakini msidhani ya kuwa sanduku peke yake latosha. Baada ya Vita Vikuu vya Pili dawa ya D.D.T. ilinyunyizwa kwa wingi mashambani. Wadudu waliipata, ndege wadogo wakawala wadudu, na kozi akawala ndege hao. Dawa hii haitoki mwilini upesi, kwa hiyo kila hatua ya ulaji iliongeza kiasi chake, na aliye juu kabisa akapata nyingi kuliko wote. Haikumwua kozi papo hapo, bali iliyafanya maganda ya mayai yake kuwa membamba, hata mama akiyaatamia yakapasuka chini yake. Mwingereza Derek Ratcliffe alieleza habari za maganda hayo mwaka 1967. Wakati huo kozi wa mashariki ya Marekani walikuwa wamekwisha kutoweka kabisa. Ungaliweka masanduku elfu juu ya maghorofa, yangalikaa matupu.

Marekani ilipiga marufuku matumizi ya D.D.T. mashambani mwaka 1972. Wataalamu, miongoni mwao Tom Cade, walizalisha kozi katika vizimba na kuwafungulia waende zao. Mmoja wao, jike aliyeitwa Scarlett, alihamia mwaka 1978 katika jengo refu la mji wa Baltimore. Hakuwa na mume, na mayai yake hayakuwa na mbegu. Akapewa vifaranga waliozaliwa vizimbani, akawalea kama wake. Mwaka 1984 hatimaye alipata vifaranga wa tumbo lake. Mwaka 1999 kozi wa Marekani waliondolewa katika orodha ya viumbe walio katika hatari ya kutoweka.

Huko Uingereza, mwaka 2006, jukwaa la mbao liliwekwa katika mnara wa kanisa kuu la Derby, na kozi wakazaa hapo mwaka ule ule. Mabaki ya chakula chao yamewafundisha wataalamu ya kuwa kozi wa mijini huwinda hata usiku, wakisaidiwa na mwanga wa taa.

Sasa natoa kanuni za sanduku la kozi. Liwe wazi upande wa mbele, na paa la kukinga jua kali na mvua. Sakafu itobolewe matundu ya kutolea maji, kisha imwagwe changarawe ndogo, kina kama upana wa kiganja. Ukingo wa mbele uinuliwe kidogo ili mayai na vifaranga wasianguke. Lielekezwe mbali na upande unaopigwa sana na mvua, likazwe imara, na liwekwe kabla ya majira ya kutaga. Ndege wakiisha kuingia, mtu asilikaribie.

Mtasema, "Sisi hatuna maghorofa." Ni kweli, lakini tunaye bundi, yule mwenye uso mweupe uliofanana na kopa ya karata, ambaye wengine humwita babewana. Huyu naye hupenda majengo, hasa dari na maghala. Hataki rafu ya wazi kama kozi. Hutaka sanduku lililofunikwa, lenye giza na tundu moja la kuingilia. Masikio yake hayakukaa sawasawa, moja li juu kuliko la pili, na kwa hiyo aweza kupima kwa sauti tu mahali alipo panya gizani. Katika nchi ya Israeli wakulima wamemwekea masanduku tangu miaka ya 1980 ili awapunguzie panya mashambani, na baadaye majirani zao wa Yordani wakaingia katika kazi hiyo hiyo. Huko Johannesburg, Afrika ya Kusini, masanduku ya bundi yamewekwa katika shule za vitongoji vyenye panya wengi, ingawa huko pia watu walimwogopa kama mletaji wa mikosi.

Ghala letu la mahindi lina panya, kila mpishi ajua. Pia nyuma ya bwalo yuko bundi alalaye katika mwembe, naye muhula huu amepigwa mawe mara mbili. Nimemwomba Mwalimu Mkuu ruhusa ya kuweka sanduku moja chini ya paa la ghala, naye amekubali kwa sharti moja, kwamba wanafunzi wenyewe walilinde. Nami naongeza la pili: sumu ya panya isitumike tena ghalani, kwa maana panya aliyekula sumu humwua bundi amlaye, kama vile D.D.T. ilivyomdhuru kozi.

Bundi hutapika vidonge vya manyoya na mifupa asivyoweza kuyeyusha tumboni. Akija, tutaviokota chini ya sanduku, tutavifungua maabara, na kuhesabu mafuvu ya panya yaliyomo. Wale wasemao kuwa bundi huleta msiba, na wale wasemao kuwa huleta faida, waje wote wawili na daftari zao. Fundi wa karakana amekwisha kutoa mbao. Wanaotaka kusaidia wanione siku ya Jumamosi baada ya usafi.