Multimita Ikisema Sifuri, Je, Uamini?

Waya wenye umeme na waya usio na umeme utazitofautishaje kwa macho? Huwezi. Zinafanana kabisa. Ndiyo maana fundi hutumia multimita.

Tuseme unakaa hapa Singe, Babati, una betri ya sola, na jirani yako ana umeme wa TANESCO. Betri yako ni ya volti 12. Umeme wa jirani ni volti 230, nao unaua.

Ukienda dukani usitazame bei tu. Tafuta maandishi CAT III 600V karibu na matundu. Maana yake multimita hiyo imetengenezwa kuhimili umeme wa nyaya za nyumba. Isiyo na maandishi hayo ibaki kwenye betri.

Waya mweusi unaingia tundu la COM. Mwekundu unaingia tundu lenye V na alama iliyo mfano wa kwato. Lipo pia tundu la 10A. Hapo jihadhari sana! Waya mwekundu ukiwa humo, halafu ukagusisha ncha kwenye soketi, multimita inakuwa kama kipande cha waya tu. Inapiga shoti, na yaweza kukulipukia mkononi.

Kwa betri, zungusha kitufe kwenye V yenye mstari ulionyooka, namba 20. Iache kwanza betri ipumzike saa chache, bila kuchaji wala kuwasha taa. Ya maji ikisoma 12.6 hivi, imejaa. Ikisoma 12, imekaribia kwisha.

Umeme wa TANESCO hupimwa kwenye V yenye wimbi (~), namba 600 au zaidi. Kufunga nyaya za nyumba, lakini, ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA.

Sasa, multimita ikisoma 0? Labda umeme haupo. Labda waya wa multimita umekatikia ndani, au kitufe kiko pabaya! Kwa hiyo fundi hupima mara tatu: kwanza soketi anayojua ina umeme, kisha mahali pa kazi, kisha ile soketi ya kwanza tena. Mafundi wengi huiruka hii ya tatu, eti wana haraka.

Zoezi: Fundi amezima swichi kubwa. Multimita inasoma 0. Soketi zote za nyumba zimezimika. Je, soketi ya kujaribia ataipata wapi? Jadilianeni.